Mikanda ya mashindano katika gari la zamani: Fikiria shingo na tumbo lako kwanza

WAKO watu wanaotunza magari ya zamani kama mboni ya jicho. Peugeot 504, Datsun 1600 au Ford Escort hupakwa rangi upya, injini ikafunguliwa na kusafishwa, na mwishowe mwenyewe huamua kulitia mikanda ya usalama kama ya madereva wa mashindano: miwili ya mabegani na miwili ya kiunoni, yote ikikutana kwenye kufuli moja mbele ya tumbo. Magari ya aina hiyo yalivuma katika Safari Rally, iliyoanza mwaka wa 1953, na tangu 2003 yamekuwa yakionekana tena katika mashindano ya Safari Classic. Si ajabu mtu kutaka lake lifanane nayo.

Je, mikanda hiyo yafaa kwa safari ya kwenda kazini au sokoni? Wengi hudhani kwamba kadiri mikanda inavyozidi, ndivyo usalama unavyozidi. Mwili wa binadamu hauko hivyo.

Mkanda hufanya kazi gani?

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, wewe uliye ndani unaendelea na mwendo ule ule hadi kitu kikusimamishe. Ikiwa mwili wako utasimama katika umbali wa nusu mita, basi mtu wa kilo 70 atausukuma mkanda kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Nguvu hiyo lazima ipokewe na mifupa imara: nyonga, kifua na bega. Ndiyo sababu mkanda wa pointi tatu, uliobuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka wa 1959, umeokoa maisha ya watu wengi. Huo hukushika vyema, lakini huuachia mwili nafasi ya kusogea kidogo.

Hatari kwa tumbo

Katika mikanda minne ya mashindano, ile ya mabegani huivuta kufuli juu wakati wa ajali. Mkanda wa kiunoni nao hupanda, ukaiacha nyonga na kuingia kwenye tumbo laini, huku mwili ukiteleza chini yake. Hapo utumbo, ini na wengu huweza kupasuka, na uti wa mgongo ukavunjika sehemu ya kiuno. Madereva wa mashindano huzuia jambo hili kwa mkanda wa tano, au wa tano na wa sita, unaopita katikati ya mapaja na kuishikilia kufuli chini. Mwenye gari la barabarani mara nyingi huuacha kwa kuwa unamkera.

Hatari kwa shingo na mgongo

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kiwiliwili kikifungwa kabisa, kichwa peke yake hurushwa mbele na shingo ndiyo huubeba mzigo wote. Mshipa waweza kukatika au fuvu kuvunjika sehemu ya chini. Dale Earnhardt, dereva maarufu wa Marekani, alikufa kwa jeraha kama hilo huko Daytona Februari 2001. Leo madereva wa mashindano huvaa kifaa kiitwacho HANS, kinachoiunganisha helmeti na mabega. Wewe uendaye kazini huna helmeti wala HANS.

Tazama pia mikanda ya mabegani imefungwa wapi. Fundi akiishusha moja kwa moja hadi sakafuni nyuma ya kiti, siku ya ajali itakukandamiza mabega kuelekea chini na kuubana uti wa mgongo. Yapasa kwenda nyuma ikiteremka kidogo tu, na kwa vyovyote isizidi nyuzi 45.

Gari likibingirika na paa likibonyea, mkanda wa kawaida hukuruhusu kuinama upande. Ule wa mashindano hukushikilia wima chini ya bati. Nayo ngome ya vyuma inayowekwa kuzuia paa lisibonyee huweza kukupasua kichwa usichokivika helmeti.

Kuna jambo jingine la kila siku. Mikanda hii haijiviringishi yenyewe. Ukiikaza, huwezi kuinama kutazama magari kwenye njia panda wala kuifikia swichi ya mbali. Basi dereva huilegeza, na mkanda uliolegea humpiga mtu badala ya kumshika.

Ufanye nini?

• Kwa gari la barabarani, weka mkanda mpya wa pointi tatu unaojiviringisha. Unapatikana kwa magari mengi ya zamani.

• Mwambie fundi achunguze kutu kabla ya kutoboa. Boliti ziwe ngumu, na nyuma ya bati pawe na kipande cha chuma kipana. Boliti iliyoshikwa na bati bovu ni sawa na kutofunga mkanda.

• Usinunue mikanda ya mitumba. Jua na umri huudhoofisha uzi hata kama macho hayaoni. Ile ya mashindano huandikwa tarehe ya mwisho ya kutumika.

• Ikiwa gari hilo hushindana pia, liwe na mikanda ya aina zote mbili, na barabarani utumie ule wa kawaida. Waulize NTSA na kampuni yako ya bima kabla ya kubadilisha chochote.

• Mama mjamzito aupitishe mkanda wa kiunoni chini ya tumbo, juu ya mapaja. Mtoto mdogo asifungwe kwa mikanda ya mashindano kamwe. Atafutiwe kiti chake.

Baada ya ajali

Ukiona alama nyekundu au ya buluu ya mkanda tumboni, nenda hospitali hata kama huna maumivu makali. Utumbo uliotoboka waweza kukaa kimya kwa saa nyingi kabla ya homa, kutapika na tumbo kuwa gumu. Shingo ikiuma, au mikono ikifa ganzi, usigeuze kichwa, wala usikubali kuvutwavutwa na wasamaria wema, isipokuwa gari linawaka moto. Ngoja watu wenye ujuzi wakutoe. Gari laweza kuundwa upya, lakini uti wa mgongo uliokatika hauna fundi.