Sarafu Zenye Kosa la Kiwandani

Mwanafunzi wetu mmoja alirudi kutoka gulioni na sarafu ya shilingi 100 yenye kichwa cha Mwalimu Nyerere pande zote mbili. Aliinunua kwa fedha ya vitabu vyake, kwa kuwa muuzaji alimwambia ya kuwa ni kosa la kiwandani, nayo ina thamani kubwa. Tuliiangusha mezani pamoja na sarafu ya kawaida. Ile ya kawaida ililia kwa sauti nyembamba. Yake ilitoa mlio mzito kama kigae. Kisha tulipitisha ncha ya sindano ndani ya ukingo, ikanasa katika ufa mwembamba uliozunguka pande zote. Sarafu mbili zilikuwa zimechongwa na kutiwa moja ndani ya nyingine. Fedha ya vitabu ilikuwa imekwisha potea.

Yatupasa basi kujua jinsi sarafu ipigwavyo. Kipande cha madini cha mviringo, kisicho na maandishi, huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, na pete ya chuma hukizunguka kisitanuke. Mihuri hukibana kwa nguvu nyingi, na picha za pande zote mbili hutokea pamoja. Kipande kikikaa upande, sehemu yake hubaki tupu. Muhuri ukipasuka, sarafu hupata mstari ulioinuka. Mstari uliozama mara nyingi ni mkwaruzo tu, wa msumari au wa funguo zilizo mfukoni.

Kosa lenye sifa sana lilitokea Marekani mwaka wa 1955, katika kiwanda cha Philadelphia. Wakati huo muhuri wenyewe ulifanywa kwa kugandamizwa na chapa mama zaidi ya mara moja; safari hiyo ulikuwa umegeuka kidogo, hata herufi na mwaka vikaandikwa mara mbili. Kosa lilipoonekana, senti zaidi ya 20,000 za namna hiyo zilikuwa zimekwisha changanyika na senti njema, nazo zikaachwa zitoke. Watu wengine walizipata katika sigara! Pakiti ilikuwa senti 23, mashine ya kuuzia ilipokea senti 25, basi senti mbili za baki zilitiwa ndani ya karatasi ya pakiti.

Walakini si kila herufi yenye kivuli ni ya namna hii. Muhuri uliolegea huruka baada ya kupiga, ukaiparuza herufi na kuacha kidaraja bapa, na herufi yenyewe hukonda. Sarafu hiyo haizidi thamani iliyoandikwa juu yake. Herufi za muhuri ulioandikwa mara mbili huwa nene, zimeinuka zote mbili, na pembe zake zimegawanyika. Twazitazama kwa kioo cha kukuzia, tukiigeuza sarafu polepole penye mwanga wa dirisha. Wala hatuisugui kwa mchanga wala kwa majivu, kwa maana hata yenye kosa la kweli hushuka bei ikisuguliwa.