Wikendi Usukumani na Nyasi za Shinyanga

Mkenya anayefanya kazi Kahama hana kisingizio cha kujifungia ndani siku ya Jumamosi. Mji wenyewe uko njia panda. Mabasi ya Mwanza, Geita na Tabora yanapita hapa, pamoja na malori yanayopeleka mizigo Rwanda na Burundi. Ukidamka ukapata gari la kwanza, jua halijatua umeshaona ziwa au shimo la dhahabu, na Jumapili usiku umerudi kupiga pasi nguo za kazini. Jamaa nyumbani wamekuwa wakiniuliza Tanzania ya huku ndani ikoje, kwa kuwa wengi wetu tunaijua ya Arusha na Dar es Salaam tu. Haya ndiyo majibu yangu.

Nianze na hesabu. Tanzania ina kilomita za mraba zipatazo 945,000, zaidi ya mara moja na nusu ya Kenya. Sensa ya mwaka 2022 ilipata watu 61,741,120. Mkoa wa Shinyanga una zaidi ya milioni 2, na Geita, uliofanywa mkoa mwaka 2012, unakaribia milioni 3. Wenyeji wengi ni Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote nchini. Wanalima pamba, mpunga, mahindi na viazi vitamu, na viazi hivyo huvikata vipande wakavianika juani vikawa michembe ya kuliwa wakati wa njaa. Mvua huanza Novemba hivi na kukatika Aprili au Mei. Baada ya hapo ni vumbi.

Madini yanajulikana. Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, ndiko Mkanada John Williamson alikogundua almasi mwaka 1940. Huko ndiko ilikotoka almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyozawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. Geita ilichimbwa tangu enzi za wakoloni, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Mgodi wa Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001.

Vivutio vya wikendi navyo ni vingi. Mwanza ina mawe yaliyopandana majini, na lile liitwalo Bismarck hupigwa picha kuliko yote. Kisiwa cha Saanane kiko dakika chache kwa boti. Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma, yenye ngoma za watemi na historia ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya uchezaji ambavyo hushindana mpaka leo. Rubondo, kisiwa cha Geita kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, kina sokwe ambao mababu zao waliletwa kutoka Ulaya katika miaka ya 1960. Na kuanzia Juni 2025 huhitaji tena kungoja kivuko kati ya Kigongo na Busisi, kwani daraja la kilomita tatu linakuvusha kwa dakika chache. Yote hayo yanafaa kuonwa.

Lakini kilichoniteka mimi ni nyasi.

Safari zile za barabarani kati ya Kahama, Shinyanga na Mwanza ndizo zilizonionyesha. Wakati wa kiangazi, mashamba ya pamba yakiwa yamevunwa na ardhi imebaki kavu kabisa, ghafla unapita kipande chenye migunga imesimama na nyasi za kufika kiunoni. Hakuna ukuta wala seng'enge. Upande mmoja wa njia ya miguu ni vumbi, upande wa pili ni malisho. Niliuliza ndani ya basi, nikajibiwa kwa neno moja: ngitili.

Ngitili ni malisho yaliyofungwa. Mvua zinapoanza, mwenye eneo hulifunga, na ng'ombe hawaingii tena. Nyasi hukua, zinakomaa, zinaangusha mbegu. Kiangazi kikishika kasi, malisho ya nje na mabua ya mashambani yakiisha, ndipo hufunguliwa, tena kwa mafungu. Wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wazee, wagonjwa na maksai wa kulimia, kwa sababu maksai akidhoofu hapatakuwa na kilimo mvua zikirudi. Kuna ngitili za familia, za kijiji, hata za shule.

Mzee mmoja wa kijiji kilicho nje ya mji wa Shinyanga alinikubalia niingie katika yake. Nilimpa shikamoo, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Machakos. "Kwenu nako kukavu, mwanangu," akasema, kisha akatangulia. Mpaka wake ni mstari wa minyaa. Ndani alichuchumaa, akatenganisha nyasi kwa mikono miwili, akanionyesha kisiki kilichokatwa zamani. Kilikuwa kimechipua vijiti vingi vyembamba. Alikuwa ameacha viwili vilivyonyooka na kukata vingine, na vile alivyokata vilikuwa vimefungwa mzigo pembeni, kuni za nyumbani kwake. Juu ya mgunga wa jirani kulikuwa na mzinga. Hapo hapo alinitajia mti wa dawa ya tumbo, mti wa mpini wa jembe, na nyasi za kuezekea. Mche wa kitalu sikuuona hata mmoja.

Ajabu inakuja ukijua historia. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Wakoloni walifyeka misitu ili kuangamiza mbung'o. Kilimo cha pamba kikapanuka, mifugo ikaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao, zikakosa wenyewe. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 611 tu. Mwanzoni wataalamu walitegemea vitalu na miche, lakini mambo yalikwenda walipogeukia kile ambacho Wasukuma walikijua tayari. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mkoa wa zamani ambao ulijumuisha sehemu ya Simiyu ya leo, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ulinzi ni wa wananchi. Sheria hupitishwa katika dagashida, mkutano wa jamii nzima chini ya wazee, na sungusungu, walinzi wa kijiji, huzisimamia. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hutozwa faini mbele ya majirani zake, na hakuna anayetaka kuaibika hivyo.

Sasa nirudi kwetu. Novemba 13, 2023 tulipewa sikukuu ya taifa ili tupande miti, na lengo letu ni miche bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ni jambo jema, na Wangari Maathai alikuwa ametufundisha tangu 1977. Lakini nani humwagilia mche ule Januari? Waheshimiwa hupigwa picha na majembe mapya, magari yanaondoka, na mbuzi wanamaliza kazi. Kajiado tumegawa malisho ya pamoja vipande vipande na kuyauza, halafu ukame ukija tunaomba malori ya nyasi. Katika vilima vya Ukambani visiki vipo, bado vina uhai, na kila mwaka vinachipua na kuliwa. Kinachokosekana ni makubaliano ya kijiji kufunga eneo, na watu wa kuyasimamia.

Huku nako kuna vitisho. Watu wameongezeka, vijana wanadai mashamba, na baadhi ya ngitili zimelimwa au kuchomwa mkaa. Ukanda wa dhahabu unadai sehemu yake: wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama huzuia kuta za maduara yao, yaani mashimo, kwa magogo waitayo matimba, na kila duara jipya hula miti mingi. Mzee wangu alinisimulia kuhusu vijana waliokuja usiku na mashoka kwenye eneo la kijiji. Sungusungu waliwawahi.

Anayetoka Nairobi apite Sirari na Mwanza, kisha Shinyanga, mwendo wa saa tatu hivi kutoka Mwanza. Aje Septemba, ngitili zinapofunguliwa. Aanzie ofisi ya mtendaji wa kijiji, aeleze shida yake, aombe kupelekwa kwa mwenye ngitili. Avae viatu vigumu, kwani miiba ya migunga hupenya soli.