Kuboresha, Kusasisha au Kupandisha Daraja?

Katika miongozo mingi ya kompyuta iliyotafsiriwa, neno “kuboresha” hubebeshwa mizigo mitatu: kusafisha kifaa, kuweka toleo jipya la programu na kununua kifaa kingine. Katika mazungumzo dosari hii ni ndogo. Kwa mtu anayetoa fedha zake, au karani anayeandika dokezo la kuomba fedha, ni dosari yenye gharama. Tutaieleza kwa mfano wa kadi ya michoro.

Kadi ya michoro ni kifaa kinachokokotoa picha na kuzipeleka kwenye kioo cha kompyuta. Tunalipendelea jina hili kuliko “kadi ya picha”, kwa kuwa kazi yake si kuhifadhi picha zilizokwisha kupigwa, bali kuchora upya kila fremu, mara nyingi katika sekunde moja.

Tuseme kijana wa Iguguno, mkoani Singida, ana chumba cha michezo ya kompyuta kando ya barabara iendayo Nzega. Mashine yake ina kadi ya GeForce GTX 1060, iliyotolewa mwaka 2016, na michezo mipya inakwamakwama. Akisoma katika mwongozo kwamba “aboreshe kadi”, atauza alizeti yake anunue nyingine. Pengine hakuhitaji kufanya hivyo.

Jambo la kwanza ni kusafisha. Vumbi la kiangazi huziba feni. Kadi ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. La pili ni kusasisha, yaani kuweka toleo jipya la programu endeshi, ambalo halilipiwi. La tatu ni kupima. Apunguze idadi ya nukta za picha katika mchezo: fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyolemewa, zisipoongezeka, aghalabu kikwazo ni kichakataji, na kadi mpya haitamfaa. Aidha, kioo kionyeshacho fremu 60 kwa sekunde hakiwezi kuonyesha 100. Aliyekwisha kuzipata hizo 60 bila kukwama hana sababu ya kununua.

Kadi ikithibitika kuwa imelemewa, ndipo tunaposema kupandisha daraja. Istilahi hii si ngeni: watumishi hupandishwa daraja, na kila apandaye huja na madai mapya. Kadi ya RTX 3060 ya mwaka 2021 hutumia wati 170, ilhali GTX 1060 hutumia 120. Hivyo ni lazima kwanza kuhakikisha kwamba kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta kinaumudu mzigo huo.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo:

kusasisha: kuweka toleo jipya la programu ileile;
kubadilisha: kuondoa kifaa kilichoharibika na kuweka kingine cha uwezo uleule;
kupandisha daraja: kuweka kifaa chenye uwezo mkubwa zaidi;
kuboresha: jina la jumla, litumike pale tu ambapo tofauti hizo hazina uzito.

Mwalimu akizingatia mpangilio huu, mwanafunzi atajua lini afute vumbi na lini afungue mkoba. Naye mwidhinishaji wa fedha, aonapo katika dokezo neno “kusasisha”, atakuwa na haki ya kuuliza fedha hizo ni za nini.