Tope la 1996 na Mfuko wa Taka wa 2010

Swali linarudi kila mara, na kwa maneno yale yale: je, Pokémon bado ina mvuto, au ilikwisha na ile ya kwanza? Anayeuliza hataki jibu, anataka kuungwa mkono. Ana miaka thelathini na kitu, aliwahi kucheza toleo moja la zamani, pengine kwenye simu kwa programu ya kuigiza Game Boy, na hukumu ameshaitoa: viumbe 151 wa mwanzo ndio halali, waliofuata ni wa kujazia, wabunifu wameishiwa. Kazi yangu ni kuchambua gemu, kuzifungua nitazame zinavyofanya kazi ndani. Leo nalijibu swali hili, kisha naomba tupumzike.

Tuanze na viumbe, maana mashtaka ndipo yanapoanzia. Naambiwa wabunifu walikauka mawazo walipotuletea Trubbish, ambaye ni mfuko wa taka, na Vanillite, ambaye ni aiskrimu, wote wa 2010. Na kana kwamba haitoshi, 2013 akaja Klefki, pete ya funguo. Haya. Sasa fungua orodha ya 1996. Grimer ni tope la majitaka lenye macho. Akikua anakuwa Muk, tope lile lile, ila jingi zaidi. Voltorb ni ule mpira wa kukamatia viumbe, umechorwa macho tu. Akikua anaitwa Electrode, na tofauti kubwa ni kwamba rangi zimepinduliwa: nyekundu iliyokuwa juu sasa iko chini. Diglett ni kichwa kinachochomoza ardhini. Vichwa vitatu pamoja ni Dugtrio, na eti huko ndiko kukua. Magnemite watatu wakishikana tunapata Magneton. Exeggcute ni kundi la mayai sita yenye nyuso. Kama mfuko wa taka ni dalili ya kuishiwa, basi hawa watu waliishiwa kabla hawajaanza. Grimer alikuwa na bahati moja tu ambayo Trubbish hakuipata: alikukuta una miaka minane.

Hapo mlalamikaji huhamia hoja ya pili. Viumbe sawa, anasema, lakini gemu yenyewe ilitengenezwa kwa umakini zaidi, na ilikuwa ngumu. Hoja hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu anayeitoa hajalirudia toleo lile tangu utotoni.

Mna mbinu iitwayo Focus Energy, iliyowekwa ili kuongeza uwezekano wa kutoa pigo kali. Kwa kosa la hesabu ndani ya programu, inaupunguza uwezekano huo hadi robo. Watoto wa dunia nzima walitumia zamu zao kujidhoofisha, nao wanaamini wamejiimarisha. Kisha kuna viumbe wa aina ya akili, waliotawala kila pambano la wakati ule. Ndani ya gemu unaambiwa kwamba hao wanaogopa mizuka na wadudu tu. Jaribu uone: Lick, pigo la mzuka, halimfanyi kiumbe wa akili lolote, kwa sababu kwenye jedwali la nguvu na udhaifu liliandikwa kuwa ni sifuri. Zaidi ya hapo, mizuka yote ya toleo lile, yaani Gastly, Haunter na Gengar, ina sumu ndani yake, na sumu huchapwa vibaya na akili. Dawa uliyopewa ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Kosa hilo lilirekebishwa 1999, katika Gold na Silver, ambamo pia waliongezwa viumbe wa aina ya giza na chuma ili kuwapunguza kiburi hao wa akili.

Na ugumu je? Mtazame Lance, wa mwisho kati ya wale mabingwa wanne wa mwishoni mwa gemu, mwenye viumbe wa joka. Programu inayomwongoza imeelekezwa kuchagua mbinu ambayo aina yake inamshinda adui aliye mbele. Haikuelekezwa kuangalia kama mbinu hiyo inaumiza. Mpelekee kiumbe mwenye sumu, Venusaur kwa mfano, na Dragonite wake ataona kwamba Agility na Barrier ni mbinu za akili, na akili hushinda sumu, basi atazichagua. Moja inaongeza mbio, nyingine inaongeza kinga. Hakuna inayopiga. Atazirudia zamu baada ya zamu huku wewe unamchapa kwa nafasi. Huyo ndiye aliyekutesa utotoni. Gemu haikuwa ngumu. Ulikuwa hujui kusoma jedwali, na wengine wetu hata Kiingereza chake tulikuwa tunakibahatisha.

Sijagusa begi la vitu 20 tu, wala sanduku la viumbe 20 ambalo likijaa hukamati kitu mpaka urudi mjini kulibadilisha kwa mkono, wala kwamba hadi Ruby na Sapphire za 2002 mhusika wako alikuwa hawezi kukimbia kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo gemu yenye tope, kasoro na bingwa anayejiongezea kinga hadi anaanguka iliwezaje kuishika dunia? Hili ndilo swali la maana, na halihusiani na uzuri wa michoro. Satoshi Tajiri, mwanzilishi wa Game Freak, kampuni iliyoiunda Pokémon, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikusanya wadudu. Alipoiona kebo inayounganisha Game Boy mbili, iliyokuwa ikitumika zaidi kwa kushindana, yeye aliwaza viumbe wakivuka kutoka mashine moja kwenda nyingine. Ndipo Red na Green zikatoka pamoja Japani, tarehe 27 Februari 1996, kila moja ikiwa na viumbe ambao nyingine haina. Mwanzoni unachagua mmoja kati ya watatu, na wawili uliowaacha hutaweza kuwakamata kwenye kaseti yako. Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter hawakui mpaka ubadilishane na mtu. Hakuna mtoto aliyeweza kuikamilisha orodha peke yake, hata angecheza usiku kucha. Iliuzwa ikiwa na pengo kwa makusudi, na wa kuliziba ni mwenzako.

Mtambo huo haujaguswa. Matoleo makuu bado yanatoka mawili mawili, hadi Scarlet na Violet za 2022. Viumbe wamepita 1,000, na pengo limezidi kupanuka. Mwaka 2016 Pokémon GO iliingia na mapambano ya kugusagusa kioo, bila hadithi, hata kubadilishana viumbe hakukuwemo hadi 2018, na bado watu walijaa viwanjani, wakiulizana wasiojuana wapi kumeonekana nini. Mtu mzima anayelalamika kwamba mvuto umekwisha mara nyingi anacheza peke yake, usiku, baada ya kazi. Hana wa kubadilishana naye. Wenzake wa darasani wametawanyika, na hilo hakuna kampuni ya gemu itakayolirekebisha.

Ile tiba inayopendekezwa sana, kwamba wafute wote warudi kwa wale 151, imeshajaribiwa. Mwaka 2018 Let's Go ilirudi kule kule, kwa viumbe wale wale, wakiongezwa wachache sana. Malalamiko yakabaki pale pale: rahisi mno, ya kitoto. Sasa mnataka nini?

Makosa ya kweli yapo, na ningefurahi kuulizwa hayo. Scarlet na Violet ziliuza zaidi ya nakala milioni 10 katika siku tatu za kwanza zikiwa zinakwamakwama na kuonyesha watu wakizama ukutani, hadi Nintendo wakaomba radhi. Katika Sword na Shield za 2019 waliacha nje viumbe wengi wa zamani usiweze kuwahamishia humo, na kugawa uzoefu kwa timu nzima kukawa hakuzimiki, utake usitake. Na katika Black 2 ya 2012 hatimaye waliweka ngazi ya ugumu, wakaifungia hadi umalize gemu nzima! Hayo ni matunda ya haraka na ya kumdekeza mchezaji, si ya ukame wa mawazo.

Basi ukitaka kurudi, chagua haraka. Umechoka na utaratibu ule ule: Legends: Arceus ya 2022, ambamo unakamata bila kupigana na viumbe wanakushambulia wewe mwenyewe. Unataka ugumu: toleo lolote ulilonalo kwa kanuni za Nuzlocke, kamata yule wa kwanza tu katika kila eneo, na akizimia mhesabu amekufa. Unataka vita vya akili: mapambano ya wawili kwa wawili, wanne kutoka sita, wote leveli 50, ndiyo yanayochezwa kwenye mashindano ya dunia, mazoezi yapo bure kwenye Pokémon Showdown, kwa kivinjari cha kompyuta yoyote. Huna Switch, mashine ya Nintendo, na bei yake inakutisha: Pokémon GO ukipenda kutembea na una bando. Pokémon TCG Pocket, ile ya kukusanya kadi, ni ya bure kuanza, ila ondoa namba ya kadi ya benki kwenye simu kwanza. Una kaseti ya zamani ya Game Boy: betri yake ndogo ndiyo inayotunza safari yako, hasa ya Gold na Silver inayolisha pia saa, ikiisha kila kitu kinafutika, basi mpelekee fundi akulehemie mpya kabla hujaanza upya. Usihangaike kuanzia toleo la kwanza, hadithi kwa kawaida hazitegemeani. Na kama unamnunulia mwanao, muulize kwanza rafiki yake ana toleo gani, kisha nunua lile jingine.