Mguu wa Mama na Safari ya Binti Yetu Kuelekea Chuo cha Tiba ya Nyayo



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii twaomba ruhusa tuwaingize nyumbani kwetu. Si desturi yetu kuyaanika ya familia hadharani, lakini mama yetu mwenyewe ametuambia, “Andikeni, huenda akanusurika mwenziwe.” Basi twaandika kwa idhini yake na kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Mama yetu, aliyekwisha kuvuka miaka 75, ameishi na maradhi ya sukari kwa muda mrefu. Siku moja alitoka matangani, Mji wa Kale, akarudi nyumbani akafanya shughuli zake mpaka usiku. Alipovua makubazi, mjukuu aliona damu sakafuni. Pini ya mtandio ilikuwa imepenya ndara na kuingia unyayoni, na mama alikuwa ameikanyaga tangu alasiri bila ya kuhisi chochote.

Yaliyofuata ni aibu yetu, wala hatutamtwika mtu mwingine. Tuliosha jeraha kwa maji ya chumvi, tukapaka asali, tukasoma dua. Dua ni haki, na asali ina sifa yake, lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza pia kuitafuta tiba, na sisi tulitosheka na nusu ya mafunzo hayo. Mama naye aliona haya kumfunulia mguu tabibu mwanamume, akauficha chini ya buibui kwa wiki kadhaa. Tulipofika hospitali, kidonda kilikuwa kimegeuka kidonda ndugu na mfupa umeoza. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Ujumbe kutoka Ohio

Dada yetu anaishi Marekani, katika jimbo la Ohio, na binti yake amekulia huko tangu akiwa na miaka tisa. Alipokuwa akikamilisha shahada yake ya biolojia, alitupigia simu baada ya sala ya Ijumaa. “Mjomba,” akasema, “nataka kuomba nafasi katika chuo cha tiba ya miguu. Baba hataki. Asema nimesoma miaka yote hiyo ili nikakate watu kucha?”

Twakiri kwamba sisi nasi tulikuwa na fikra hiyo hiyo. Nani kati yetu aliyewahi kusikia daktari wa nyayo? Basi tukamwomba binti huyu atusomeshe, na mwalimu akawa mwanafunzi.

Alitueleza kwamba unyayo mmoja una mifupa 26. Miguu miwili ni mifupa 52, takriban robo ya mifupa yote 206 ya mwili wa mtu mzima. Sukari inapokaa juu katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukafa ganzi. Na huziba mishipa ya damu, jeraha likakosa chakula chake na kukataa kupona. Wataalamu hukadiria kwamba kati ya kila watu 100 wenye kisukari, 19 hadi 34 hupatwa na kidonda cha mguu wakati fulani wa maisha yao. Na mwaka 2021, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa watu wazima milioni 537 duniani wana maradhi haya. Hapo tulinyamaza, tukaikumbuka ile pini.

Nchini Marekani fani hii ina zaidi ya karne moja. Chuo cha kwanza kilianzishwa New York mwaka 1911, na cha Chicago kikafuata mwaka 1912. Leo viko vyuo 11. Masomo ni miaka minne baada ya shahada ya kwanza, kisha miaka mitatu ya mazoezi hospitalini. Anayehitimu huitwa daktari, huandika dawa na hupasua, ila kazi yake imewekewa mpaka: mguu na kifundo chake. Kumbe si kukata kucha tu!

Mlango na funguo zake

Maombi ya vyuo hivyo hupitia mlango mmoja wa pamoja kwenye mtandao, uitwao AACPMAS. Mwombaji hujaza fomu moja, kisha huchagua vyuo anavyovitaka. Mlango hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, na vyuo huwaita watu kwa mahojiano kadiri fomu zinavyowasili. Anayengoja siku ya mwisho huweza kukuta viti vimejaa. Binti yetu alituma mapema, na hilo twalisifu.

Ufunguo wa kwanza ni masomo ya awali: biolojia, kemia, kemia ya viumbe, fizikia, pamoja na vipindi vya maabara, na Kiingereza. Ufunguo wa pili ni mtihani wa MCAT, unaochukua takriban saa saba na nusu pamoja na mapumziko. Alama zake huanzia 472 hadi 528. Sehemu tatu ni za sayansi na elimu ya nafsi na jamii. Sehemu ya nne haihitaji elimu yoyote ya awali. Mtahiniwa hupewa makala ngeni, akaulizwa mwandishi alikusudia nini. Hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi. Tulimwambia afanye kama alivyofunzwa chuoni alipokuwa mdogo: asome polepole, asimtilie mwandishi maneno asiyoyasema, na asijibu kabla ya kuelewa swali. Alisema nasaha hiyo ilimfaa.

Ufunguo wa tatu ni barua za waliomfundisha, na aghalabu barua ya tabibu wa nyayo aliyemwona akijifunza. Kwa hiyo binti yetu alikaa miezi kadhaa katika zahanati ya tabibu mmoja, akitazama. Huko aliona uzi mgumu wa nailoni uliofungwa kwenye kijiti. Mgonjwa hufumba macho, tabibu akaugusisha unyayoni mpaka ukapinda, na mgonjwa husema “naam” kila anapouhisi. Asiyeuhisi, mguu wake umeanza kufa ganzi na wapasa kulindwa. Kipimo hiki ni cha dakika chache, hakina damu wala maumivu.

“Mjomba,” alituuliza usiku ule, “Bibi aliwahi kupimwa hivi?” Hakuwahi. Hatukujua kwamba kipimo hicho kipo, wala hatukuuliza.

Insha iliyoandikwa mara mbili

Mwombaji hutakiwa kuandika insha fupi kueleza kwa nini aifuata njia hii. Binti yetu alituletea ya kwanza, na ilikuwa nzuri kama hotuba ya harusi: kuwahudumia wanadamu, kuipenda sayansi, kutimiza ndoto. Tulimwuliza, “Ukilifuta jina lako na kuliweka la mwenzako, insha itaharibika?” Akacheka, akasema haitaharibika. “Basi si yako,” tukamwambia.

Ya pili aliianza kwa pini ya mtandio. Alieleza bibi aliyeuficha mguu kwa sababu ya haya, na familia iliyopenda lakini haikujua. Akataja kwamba yapo mabibi wengi wa namna hiyo, Mombasa na hata Ohio, watakaomfunulia mguu tabibu mwanamke aliyejisitiri kama wao kabla hawajamfunulia mwingine yeyote. Tuliisoma tukajifuta machozi. Alipoitwa kwenye mahojiano na kuulizwa kwa nini hakuchagua udaktari wa kawaida, jibu alikuwa nalo.

Baba yake aliisomewa insha ile kwa simu, kwa sauti ya mama yetu mwenyewe, aliyefasiriwa Kiingereza neno kwa neno. Alipomaliza, mama alimwambia mkwewe, “Mwanangu, mimi nimebaki na mguu mmoja. Huyu mtoto akisomea kukata kucha, na aje anikate za huu uliobaki.” Mkwe hakuwa na la kusema baada ya hapo.

Mzigo wa ada na suala la riba

Sasa tuje kwenye lililo zito. Katika vyuo vingi hivyo, ada peke yake hupita dola 40,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni zaidi ya dola 160,000, kabla ya chakula na makazi. Wamarekani wengi hukopa kutoka serikalini au benki, na mikopo hiyo ina riba. Asiye raia wala mkaazi wa kudumu aghalabu hana haki ya ule wa serikali, na benki aghalabu humtaka awe na mdhamini aliye raia au mkaazi wa kudumu.

Binti yetu alituuliza waziwazi: “Mjomba, nifanye nini?” Hatukumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Riba ni haramu, na kheri ya kazi haiihalalishi. Wapo wanazuoni waliozungumzia dharura za Waislamu wanaoishi katika nchi hizo, na wakakhitalifiana. Sisi hatukujipa ujasiri wa kumtolea fatwa kwa simu. Tulimwambia awaendee wanazuoni wanaoijua nchi yake, lakini kwanza aimalize milango ya halali mmoja baada ya mwingine: ruzuku za vyuo vyenyewe, kazi kabla ya masomo, na taasisi za Waislamu wa huko zinazokopesha wanafunzi bila ya riba, kama ile iitwayo A Continuous Charity.

Kisha tukaitisha kikao cha ukoo. Ndugu zetu, sisi watu wa Pwani twajua kuchanga. Harusi ya siku tatu huchangiwa mpaka ikasaza. Tuliuliza: je, elimu ya binti mmoja haistahili mchango wa namna hiyo? Wajomba, maami na makhalati wa Mombasa, Muskat na Ohio wakaafikiana kumpa qardhi hasana, kila mmoja kwa uwezo wake, deni likaandikwa na mashahidi wakawekwa kama Qur’ani ilivyotuamrisha. Ahadi zimefika ada ya mwaka wa kwanza na kidogo juu yake. Mwaka wa pili hatujaupata. Hatusemi kwamba njia ni nyepesi. Twasema imeanza bila ya riba, na twamwomba Allah aikamilishe hivyo.

Kwa vijana wetu walio hapa

Huenda msomaji akauliza, je, kijana wa Likoni au Lamu aweza? Aweza, lakini ahesabu kabla ya kuondoka. Kwa Marekani, atahitaji shahada yenye masomo tuliyoyataja, matokeo yake yafasiriwe na taasisi ya kutathmini vyeti vya kigeni, na baadhi ya vyuo hutaka pia masomo kadhaa yaliyosomwa huko huko. Atahitaji na uthibitisho wa fedha kabla ya kuomba viza ya mwanafunzi.

Zipo njia nyingine. Chuo Kikuu cha Johannesburg, Afrika Kusini, hufundisha fani hii kwa shahada ya miaka minne. Uingereza ni shahada ya miaka mitatu, na Uskoti minne. Maombi hupitia UCAS, na mhitimu husajiliwa na baraza liitwalo HCPC. Huyo wa Uingereza hasomi udaktari kwanza. Huingia moja kwa moja katika fani. Na yeyote anayekusudia kurudi kutumikia nyumbani, awaulize mapema Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu cheti chake kitatambuliwaje. Swali hilo lina jibu jepesi kabla ya safari, na jibu zito baada yake.

Udhu na miguu yetu

Hapa kwetu miguu ya wagonjwa hutunzwa na wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wa upasuaji, Allah awalipe. Lakini hatuna haja ya kumngoja binti yetu ahitimu ndipo tuitazame miguu yetu. Dini imekwisha kutuamrisha kuiosha kila tunapotia udhu. Mtume (s.a.w.) aliwaonya walioacha visigino vikavu, na akatufunza kupitisha vidole baina ya vidole. Mwenye sukari ana nafasi tano kila siku za kuukagua mguu wake. Autazame unyayo kwa kioo au amwombe mwanawe amtazamie. Akaushe baina ya vidole. Ayapime maji ya moto kwa kiwiko kabla ya kutia mguu. Akung’ute viatu kabla ya kuvivaa, asitembee pekupeku hata barazani, wala asichonge sugu kwa wembe. Akiona jeraha, lengelenge au weusi, aende hospitali siku hiyo hiyo, na dua aisome njiani.

Na enyi mama zetu, haya ni sehemu ya imani, lakini sheria imeruhusu kufunuliwa kwa tabibu kile kinachohitajika kutibiwa. Kuuficha mguu mpaka uoze si haya.

Binti yetu angali anangoja jawabu la chuo alichokifanyia mahojiano. Kila Ijumaa mama yetu huuliza, “Wamemwambiaje?” Nasi humjibu, “Bado, Mama.” Kisha hunyoosha mguu uliobaki, na mjukuu aliyeiona damu siku ile huinama na kuukagua, kidole kwa kidole.

Mwombeeni, nasi twawaombea. Wabillahi tawfiq.