Kofuli nzima, sakoshi tupu

Siku ya soko Kirolirwe, mbebaji wa koperative anatia franga za maharagi na viazi ndani ya sakoshi ya zipu, anapanda moto kuelekea Sake. Wengi wetu tunaona kofuli ndogo imetosha. Haitoshi! Zipu ya nailoni inapasuliwa kwa ncha ya biki tu. Pesa zikishatoka, vichwa viwili vya zipu, vingali vimefungwa pamoja, vinavutwa huku na huku na meno yanashikana tena. Kofuli haijaguswa. Basi anayeshukiwa ni mbebaji, na ugomvi huo unaumiza koperative kuliko hizo franga.

Tufunge vichwa vya zipu kwenye pete iliyoshonwa kwa begi, visitembee. Hapo zipu ikipasuliwa haifungiki tena, wizi unaonekana. Ukipata kamba ya plastiki yenye namba, ile isiyofunguka mpaka ikatwe, ni bora zaidi: katibu anaandika namba kwenye daftari, na huko inakofika watu wawili wanaisoma kabla ya kukata. Kisu kitapasua kitambaa, ndiyo, lakini tundu halifichiki. Na juu ya moto, sakoshi ikae kifuani, si mgongoni.