Rubani mgonjwa na malipo ya saa: afya ya wanaorusha ndege ndogo Pwani Kusini

Watu wa Ukunda wanapoiona ndege ndogo ikipaa asubuhi juu ya minazi kuelekea Maasai Mara, huwawaza watalii walio ndani. Ni nadra mtu kumfikiria rubani. Na akifikiriwa, basi huhesabiwa miongoni mwa waliobahatika duniani: shati jeupe, miwani myeusi, mshahara mnono na usiku wa starehe katika hoteli za ufuo wa Diani. Picha hiyo ina ukweli wake. Lakini daktari anayewapima marubani huiona picha nyingine, ya usingizi mfupi, masikio yanayovuma, maumivu ya mgongo, na zaidi ya yote, woga wa kusema ukweli mtu anapougua.

Woga huo ndio tunaoutazama katika ukurasa wa leo, kwa sababu chimbuko lake si udhaifu wa mtu. Aghalabu hutokana na namna rubani anavyolipwa na namna leseni yake inavyotegemea mwili wake.

Kiwanja cha ndege cha Ukunda, kilicho chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege nchini, huhudumia hasa ndege za rafadha, yaani zile za mapanga. Matajiri wanaokuja Pwani kwa jeti zao kubwa hutua katika uwanja wa Moi mjini Mombasa, kisha wakavuka Likoni kwa feri au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Kwa hivyo rubani wa Pwani Kusini anaweza kuwa wa namna mbalimbali: wa ndege za abiria zenye ratiba, wa ndege za kukodi, wa ndege ya mtu binafsi, au wa ndege za wagonjwa kama zile za AMREF, shirika lililoanza kazi ya madaktari wanaoruka mwaka 1957 na ambalo ndege zake hukaa Wilson, Nairobi, zikingoja simu usiku na mchana.

Tuanze na fedha, maana ndiyo inayopanga mengine yote.

Kijana anayetaka leseni ya kurusha ndege kwa malipo hutakiwa awe ametimiza umri wa miaka 18 na, kwa kawaida, awe amekusanya saa 200 angani. Kila saa hulipiwa. Mafunzo hayo humeza mamilioni ya shilingi, na wazazi wengi huuza shamba au huchukua mkopo. Akimaliza, kampuni kubwa humwambia bado hana uzoefu, na leseni ya juu kabisa humtaka awe na saa 1,500. Basi huenda kwenye ndege ndogo kutafuta saa. Hapo saa ni mali kuliko hata shilingi, na kijana hukubali ujira mdogo na zamu yoyote ile ilimradi jina lake liandikwe kwenye kitabu cha safari.

Mikataba mingi ya ndege za kukodi duniani huwa na sehemu mbili: mshahara wa msingi, na posho kwa kila saa inayorukwa. Ubaya wa mpango huu huonekana mtu anapougua. Mwenye homa akibaki kitandani siku nne, posho ya siku nne imekwenda. Na hapa kwetu msimu ndio bwana. Kuanzia Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapokuwa Mara, ndege hujaa. Desemba nayo hujaa. Mvua za masika zikija Aprili na Mei, baadhi ya hoteli za Diani hufunga milango na ndege hulala. Rubani anayejua kwamba Mei haina kitu hatakubali kwa urahisi kukosa siku hata moja ya Agosti. Mwaka 2020 ulionyesha jambo hili kwa ukali: safari za kimataifa zilisimamishwa Machi, zile za ndani zikaruhusiwa tena katikati ya Julai, na katika miezi hiyo aliyelipwa kwa saa hakuwa na saa.

Hata walio katika kampuni kubwa hawakusalimika. Marubani wa Kenya Airways waligoma Novemba 2022, na mojawapo ya madai yao ilikuwa kurejeshwa kwa michango ya akiba ya uzeeni iliyositishwa wakati wa korona. Kwa kulinganisha tu, takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 zilionyesha kwamba rubani wa kati wa mashirika ya ndege alipata dola 219,140 kwa mwaka, ilhali yule wa ndege za kukodi na kazi nyingine za namna hiyo alipata dola 113,080. Karibu nusu. Na mara nyingi huyu wa pili ndiye anayebeba mizigo kwa mikono yake mwenyewe.

Hilo la mizigo si mzaha. Katika ndege kama Cessna Caravan, ambayo hubeba abiria wapatao 12 na inaweza kurushwa na rubani mmoja, hakuna mhudumu wala mpakiaji anayesafiri nayo. Ndiyo maana abiria wa safari za mbugani huambiwa wasizidishe kilo 15 za mfuko laini. Kilo 15 kwa abiria 10 ni kilo 150, za kuinamia na kuzipanga tumboni mwa ndege, na kwenye viwanja vya Mara kazi hiyo hurudiwa kila kituo. Mgongo unaokaa kwenye kiti kinachotetemeka kisha ukainama ghafula kunyanyua mzigo ni mgongo unaoomba kuumia.

Tazama siku moja ya msimu. Ndege ikiondoka mapema asubuhi, rubani hawezi kuamka wakati mmoja na abiria wake. Huamka saa kumi alfajiri au kabla, aangalie hali ya hewa, mafuta, uzani na karatasi. Kisha huruka, huenda akapitia Tsavo au Amboseli, ashuke Mara kwenye kiwanja cha udongo ambako pundamilia hana habari na ratiba, apande tena dakika kumi baadaye, ashuke kingine. Wataalamu husema kuruka na kutua ndiko kunakochosha akili, si ule mwendo wa katikati. Rubani aliyetua mara sita amefanya kazi nzito kuliko aliyevuka bahari kwa kutua mara moja, ijapokuwa kitabu cha saa hakionyeshi hivyo.

Uchovu una vipimo vyake. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hutenda kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi za Ulaya ndicho mpaka wa dereva. Mwili pia una saa yake ya ndani: kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi hutaka kulala, upende usipende. Huo ndio wakati ambao rubani wa ndege za wagonjwa anaweza kuitwa, na rubani wa watalii anaamka.

Kwa sababu hiyo sheria za anga, hapa Kenya na kwingineko, huweka mipaka ya saa za kuruka na za kupumzika. Ulaya mpaka ni saa 100 katika siku 28. Marekani, rubani wa ndege ya kukodi akiwa peke yake haruhusiwi kupita saa 8 katika saa 24, na wakiwa wawili ni saa 10. Lakini liko pengo ambalo wasafiri wachache hulijua. Huko Marekani, mtu akimiliki jeti yake na kujirushia safari zake bila kuuza tiketi wala kuikodisha, mipaka hiyo ya saa haimhusu rubani wake. Tajiri akisema twende usiku wa manane, kinachomzuia rubani ni busara yake na ujasiri wa kumkatalia anayemlipa. Rubani wa tajiri anaweza kukaa siku tatu hotelini bila kazi, kisha akaitwa ghafula. Hiyo si mapumziko, kwa sababu mtu anayengoja simu halali usingizi wa kweli. Ratiba inayojulikana mapema ina thamani ya dawa. Kampuni ya NetJets ya Marekani imejipatia sifa kwa mpango wa siku 7 kazini na siku 7 nyumbani, na wapo marubani wanaosema wazi kwamba ratiba ya namna hiyo huwafaa kuliko nyongeza ya mshahara.

Ndani ya ndege yenyewe mwili hupata misukosuko yake. Caravan haina hewa iliyoshindiliwa kama jeti. Kadiri inavyopanda, hewa huwa nyepesi, na kanuni humtaka rubani atumie oksijeni akikaa zaidi ya dakika 30 juu ya futi 10,000. Hatari ya upungufu wa oksijeni ni kwamba haiumi. Mtu hujiona mchangamfu huku akili ikizidi kuwa nzito. Kelele za injini, saa baada ya saa, hula uwezo wa kusikia polepole, kwanza sauti nyembamba. Hedifoni nzuri ni ghali, lakini sikio halinunuliki. Tena joto la Ukunda ndege ikiwa chini ya jua huwatoa jasho wengi, na kwa kuwa ndege hizi ndogo kwa kawaida hazina choo, wako wanaojinyima maji makusudi. Matokeo ni kichwa kuuma, uamuzi kuwa mzito, na miaka ikipita, mawe ya figo.

Kisha kuna maradhi ya Pwani. Rubani aliyekulia nyanda za juu akahamishiwa Diani hana kinga ya malaria aliyo nayo mtu mzima wa Msambweni. Anahitaji chandarua na huenda akahitaji vidonge vya kinga, lakini si kila kidonge. Mefloquine, iliyouzwa kwa jina la Lariam, haimfai rubani hata kidogo, kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi na ndoto za kutisha. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru iandikwe onyo lake kali kabisa. Akipata malaria, kumaliza vidonge vya siku tatu hakutoshi kuwa ruhusa ya kurudi angani. Daktari wa anga ndiye wa kusema amepona. Chikungunya, iliyozuka Mombasa mwishoni mwa 2017, humwachia mtu viungo vinavyouma kwa majuma au miezi, na miguu hiyo ndiyo inayokanyaga usukani wa mkia.

Hata mafua ya kawaida yana mtego. Piriton, ambayo kila duka la dawa huiuza, huleta usingizi na hubaki mwilini saa nyingi baada ya pua kukauka. Na pua iliyoziba ndege inapoteremka inaweza kupasua kiwambo cha sikio. Rubani mwenye mafua anapaswa kulala nyumbani. Lakini ni Agosti, na posho ni ya saa.

Juu ya yote kuna cheti cha afya. Rubani wa kulipwa hupimwa macho, masikio, moyo, shinikizo la damu, mkojo na akili kila mwaka. Akivuka miaka 40 na awe anabeba abiria peke yake bila msaidizi, kila miezi 6. Cheti kikinyimwa, leseni iko lakini kazi haipo. Ni taaluma chache ambazo kipimo kimoja cha presha kinaweza kumaliza mshahara asubuhi hiyo hiyo. Si ajabu basi kwamba wengine humwogopa daktari, hunywa dawa za kienyeji kimyakimya, au hutafuta zahanati ya mbali ambako hawajulikani.

Magonjwa ya moyo wa ndani, yaani huzuni na wasiwasi, hufichwa zaidi. Watafiti wa Harvard waliwauliza marubani bila kuwataja majina, na mwaka 2016 wakachapisha kwamba kati ya 1,848 waliojibu, asilimia 12.6 walikuwa na dalili za ugonjwa wa huzuni. Msiba wa Germanwings wa Machi 2015, uliowaua watu 150, uliwafanya wengi wadhani dawa ni kuwafukuza wagonjwa. Ukali mtupu huwafunza marubani kunyamaza. Marekani tangu 2010 huwaruhusu baadhi ya wanaotumia dawa fulani za huzuni kuendelea kuruka wakiwa chini ya uangalizi, na Uingereza mwaka 2012 ilianza kuwaruhusu baadhi ya wenye kisukari wanaojidunga insulini. Mtu akijua kwamba kusema si kujifukuza kazi, husema.

Wakazi wa Kwale hawajasahau Jumanne ya tarehe 28 Oktoba 2025, Caravan iliyotoka Diani kwenda Kichwa Tembo ilipoanguka katika kaunti yetu na kuwaua watalii 10 pamoja na rubani. Kueleza chanzo ni kazi ya wachunguzi, wala hatuitaji ili kumlaumu yeyote. Twaitaja kwa sababu tangu siku hiyo abiria wameanza kuuliza maswali juu ya watu wanaowarusha, na maswali hayo ni halali.

Kwa kampuni, yako mambo yasiyohitaji mitambo: siku za ugonjwa zilipwe kwa wastani wa posho ya mwezi, ratiba itolewe mapema, maji yawemo ndani ya ndege, na rubani akisema "leo siwezi" asiulizwe mbele ya wageni. Kwa rubani mwenyewe, bima ya kupoteza leseni ipo na hununuliwa mtu akiwa bado mzima. Ukingoja mpaka presha ipande, hutauziwa.

Na umri hauna bima. Kwa kanuni za kimataifa, anayebeba abiria akiwa peke yake hukoma akitimiza miaka 60. Wakiwa wawili, 65. Kwa hiyo rubani wa Caravan anayetaka miaka hiyo mitano ya ziada hulazimika kutafuta kazi katika ndege ya marubani wawili, akiwa na umri ambao kampuni huwa zinatafuta vijana.